Nimelipia riwaya ya upelelezi sehemu 60, muuaji analetwa sehemu ya 58!

Wakuu, habari za usiku. Nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Kuna riwaya inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Sehemu sita za kwanza bure, zilizobaki unatuma buku tatu ndipo unaunganishwa. Mtunzi simtaji, ana watoto wa kulisha kama mimi. Nikatuma. Marehemu baba alikuwa na kabati zima la riwaya za wapelelezi Willy Gamba na Joram Kiango, nimekulia humo, kwa hiyo ukinionyesha maiti sehemu ya kwanza umeshanikamata.

Na mwanzo ulikuwa mtamu, sitamnyima haki yake. Vijana watatu wanaingia kwa tajiri mmoja Tabata, usiku, na panga moja. Wameambiwa familia yote imepanda Moshi kula Krismasi. Wanamkuta mlinzi, mzee wa watu. Wanamfunga kamba, wanambandika selotepu mdomoni, wanabeba runinga na kisanduku cha dhahabu, wanatokomea. Kumbe mzee alikuwa na mafua, pua zimeziba. Asubuhi amekufa. Sehemu hiyo niliisoma ndani ya daladala nikapitiliza kituo.

Mpelelezi anafika, anakuta ndala za mzee zimepangwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, moja kando ya mwenzake, visigino vimegusa ukuta. Sasa jamani, mtu anayevamiwa na panga anavua ndala akazipanga? Huyu alimfungulia mtu anayemfahamu, akaingia naye ndani kwa adabu zake. Nikasema hapa kuna mtunzi. Usiku ule nilimshuku dada wa kazi, nikamshuku shemeji wa tajiri, mpaka mke wangu akaniuliza naongea na nani.

Ndala hazikutajwa tena. Mpaka mwisho!

Badala yake tunapewa vituko. Sehemu ya 20 mkuu wa kituo anasema vijana hawakukusudia kuua, kwa hiyo si kesi ya mauaji, wapewe dhamana. Mkuu gani huyo? Kanuni ya Adhabu kifungu cha 200 inasema ukiwa na nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu, na mtu akafa humo, nia ovu ya kuua imeshahesabiwa, yaani ni kesi ya mauaji. Na lile panga peke yake ni unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30 kwenda juu, nao hauna dhamana. Hilo ndilo lingekuwa tamu: vijana walioenda kuiba runinga wanaamka na kamba ya kunyongwa mbele yao. Mtunzi kaitupa hadithi yake mwenyewe jalalani. Sampuli za vinasaba nazo zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu asubuhi, majibu jioni, kama vile chipsi mayai. Mtuhumiwa anahojiwa siku tatu mfululizo halafu maelezo yake yanapokelewa mahakamani bila wakili kufungua mdomo, wakati muda wa kisheria wa kumhoji unaanza na masaa manne tu.

Hayo yote ningemeza. Ila sehemu ya 58, wakuu, anashuka pacha wa tajiri kutoka Afrika Kusini. PACHA. Hajatajwa popote, hata kwenye picha ya ukutani. Eti ndiye aliyekuja baada ya wezi kuondoka, akamziba mzee pua.

Mzee Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuna kamera wala simu ya mkononi, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake hakufichi kitu. Wewe na rafiki yake Najum mnatazama kilekile anachokitazama yeye, ila yeye anaelewa na nyie mmeduwaa. Ukifika mwisho unajipiga kofi la paji la uso. Mimi nilitaka kuipiga simu chini.

Nikauliza kwenye grupu, kwa heshima kabisa: "Mtunzi, samahani, na zile ndala?" Nikajibiwa msimu wa pili unakuja, buku tano. Nikauliza tena. Nikaondolewa.

Buku tatu zangu nimezisamehe. Ila kama kuna mdau humu atanunua huo msimu wa pili, asinitumie hata sehemu moja. Aniambie tu nani alikuwa mlango wa jikoni usiku ule.