Neno gani la Kiingereza linafaa pale juu ya kreta ya Ngorongoro? Naombeni msaada kabla ya Alhamisi

Kijana wa Karatu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva muongoza watalii, huu ni mwaka wangu wa tatu barabarani. Alhamisi nina mgeni mmoja kutoka Uingereza, nampeleka kreta. Shida yangu ni pale kwenye kituo cha kutazamia. Wanaopajua wananielewa: umepita geti la Lodoare, umepandisha msitu wote ule, kona baada ya kona, halafu ghafla miti inaisha na kreta nzima iko chini ya miguu yako. Nataka neno moja la Kiingereza lenye uzito wa pale. Ninayo manne: "beautiful", "amazing", "breathtaking" na "overwhelming". Nimeelemea hilo la mwisho, ila siku ya tatu hii usingizi hauji, naogopa nisije nikalikosea. Nisaidieni wenye lugha yenu.

Mama Neema
"Amazing" inatosha mwanangu. Wageni wenyewe wanaisema hata wakiletewa supu ya maboga.

Mzalendo Halisi
Yaani mtu yuko kwenye ardhi ya babu zake halafu anakosa usingizi kwa ajili ya neno la mgeni. Mwambie "inaduwaza", mfundishe na maana yake, arudi kwao na kitu. Tumezidi kujidharau.

Mwalimu Mstaafu
Mzalendo una hoja, lakini kijana yuko kazini, tumjibu alichouliza.

Kijana wangu, maneno hayo usiyapime kwa ukubwa, yapime kwa kinachompata mtu. "Beautiful" ni uzuri tu, hata kikombe kinaitwa hivyo. "Breathtaking" ni kukatwa pumzi, na pale juu panaifaa, isipokuwa vipeperushi vyote vya utalii vimeshaichosha. "Stunning" asili yake ni kupigwa mpaka fahamu zikayumba, ndiyo ndugu wa karibu wa kupigwa na butwaa kwetu. "Overwhelming" imebeba neno la zamani la kupindua na kufunikiza, kama mtumbwi unavyopinduka maji yakaufunika. Na siku hizi Waingereza wanaitumia mno kwa mzigo: kazi zikimzidi mtu, msiba ukimwelemea. Kwa hiyo inategemea unamwambia nani.

Moja nakukataza kabisa: "awful". Nilikuwa na mwanafunzi hodari, akapiga hesabu kwamba "wonder" inazaa "wonderful", basi "awe" nayo itazaa "awful". Zamani angekuwa sahihi, lilikuwa neno la kicho. Leo maana yake ni kibaya sana. Alilisema mbele ya wageni, tena mbele ya Kilimanjaro asubuhi imefunguka nyeupe yote. Walicheka mpaka akanyamaza safari nzima. Mpaka leo naona kosa ni langu, sikuwahi kumwambia.

Mbongo wa Toronto
Umenikumbusha mwaka wa kwanza nilipofika huku, nikapelekwa kuona maporomoko ya Niagara. Unasimama kwenye kizuizi, rasharasha inakulowesha uso, na ngurumo yake unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Jioni mjomba akapiga simu kutoka Singida, vipi huko? Nikamwambia, mjomba, maji ni mengi. Akajibu, si ungeyaleta huku. Kiswahili nimezaliwa nacho na bado nilikwama, sembuse Kiingereza.

Dereva Mkongwe
Mimi nina miaka 22 kwenye hii kazi. Kwani lazima useme kitu? Nikifika pale nazima gari, nafungua mlango, nanyamaza. Nimeshaona mzee mzima analia, nimeona mama anashika mkono wa mumewe ambaye njia nzima walikuwa hawasemeshani. Hakuna aliyeniuliza neno. Mgeni ana macho, mwachie.

Kijana wa Karatu
Nashukuru kaka mkubwa, ila kunyamaza haitawezekana kwa huyu.

Dereva Mkongwe
Kwa nini?

Kijana wa Karatu
Ni mgeni maalumu tu. Naomba tubaki kwenye neno wakuu. "Overwhelming" au "breathtaking"?

Mama Neema
Maalumu vipi? Ni mkubwa wa serikali? Mwanangu, ukija kwa watu kuomba dawa, sema unaumwa wapi.

Kijana wa Karatu
Sawa. Haoni.

Alipoteza macho yote mawili kwa presha ya macho. Aliwahi kufika pale akiwa kijana, miaka ya 80, na sasa anataka kurudi asimame palepale. Binti yake ndiye aliyeniandikia, kwamba baba hataki kusomewa kitabu, anataka mtu aliyezaliwa karibu na pale amwambie anaona nini. Ndiyo maana nahangaika. Mwenye macho nikikosea neno, kreta itanisahihisha. Huyu atabaki na nilichosema mimi.

Na niseme ukweli wote: nimeshamjibu binti kwamba maelezo yako tayari. Nimeandika aya nzima, nimeikariri kwa wiki mbili, na imeishia kwenye "overwhelming". Mkinibadilishia sasa hivi mtanivuruga.

Mdadisi
Hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Jana alikuwa "mgeni kutoka Uingereza", leo kawa kipofu, kesho ataambiwa arithi shamba. Mtu asiyeona alipe ndege, alipe kiingilio, aende kutazama nini? Wadau tunachezewa hisia hapa.

Mama Neema
Mdadisi, unaongea kama macho yako una risiti yake.

Dereva Mkongwe
Ngoja, tusirushiane maneno, kazi hii ina mtihani wake. Kijana, mimi ni mgeni wako. Ukitoka kituo cha kutazamia unanishusha kwa njia gani na unanipandisha kwa ipi?

Kijana wa Karatu
Nakushusha Seneto, ile ni ya kushuka tu. Nakupandisha Lerai, ile ni ya kupanda tu. Ya upande wa mashariki, Lemala, ndiyo inapanda na kushuka. Chakula nakulisha Ngoitokitok kwenye viboko, na kipanga akija kunyakua nyama mkononi mwako usiseme sikukuonya. Saa 12 jioni tuwe tumeshatoka. Twiga usiniulize, mle ndani hatumwoni, tunamwacha huku juu.

Dereva Mkongwe
Huyu ni mwenzetu.

Mdadisi
Kujua njia hakuthibitishi mgeni. Lakini haya, endeleeni.

Binti wa Pangani
Nimekuwa nikisoma kimya, sasa niseme. Mama yangu haoni tangu 2009. Jioni nampeleka ufukweni, tunakaa kwenye gogo. Mwanzoni nilikuwa namwambia, mama, leo bahari nzuri sana. Siku moja akaniambia kwa upole, mwanangu, hiyo nzuri unakula peke yako. Tangu hapo ananiuliza yeye. Maji yamejaa au yamekupwa? Yamefika kwenye lile jiwe? Ngalawa ngapi zimerudi? Tanga la nani lile lenye kiraka? Nikishamjibu hayo anavuta pumzi, anasema, ee, leo bahari nzuri.

Kaka, mwache huyo mzee aliseme yeye neno lake. Wewe mpe vitu.

Kijana wa Karatu
Nimekuelewa dada, lakini vitu gani? Vile vimo kwenye aya: kreta ina eneo la kilomita za mraba 260 hivi, kina chake kama mita 600, na ilikuwa mlima wa volkano uliobomokea ndani yake zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Halafu ndiyo namalizia na neno.

Mwalimu Mstaafu
Mita 600 ni namba, mwili wa mtu hauishiki. Wewe mwenyewe ukisimama pale unaona nini? Andika hapa kwa Kiswahili, usifikirie Kiingereza kabisa.

Kijana wa Karatu
Sijui mwalimu. Naona... Kwanza ni baridi, upepo unapanda kutoka chini, unaupokea usoni. Asubuhi ukungu unakaa kwenye ukingo, halafu unachanika, kipande kinafunguka, kinafunga. Chini kabisa ni ukimya. Ziwa Magadi liko upande mmoja, pembeni jeupe kwa magadi, kama sahani iliyomwagikiwa unga. Msitu wa Lerai ni doa jeusi, ukishuka ndiyo unajua ni migunga yenye gome la manjano. Nyati ukiwatafuta kwa macho matupu ni punje za pilipili manga kwenye kitambaa, na zile punje ni nyati mia mbili. Halafu kivuli cha wingu. Hiki nakipenda. Kinaanzia upande mmoja kinatambaa kwenye majani, kinapita juu ya ziwa, unakisindikiza mpaka shingo inachoka na bado hakijafika ukuta wa pili.

Dereva Mkongwe
Miaka 22 sijawahi kukitazama hicho kivuli mpaka mwisho.

Binti wa Pangani
Mwambie hivyohivyo. Na mpe muda kati ya kitu na kitu, aulize.

Kijana wa Karatu
Nahofia Kiingereza changu kitakuwa cha kukatikakatika. Ile aya ilikuwa imenyooka.

Mwalimu Mstaafu
Sentensi fupi. "The wind comes up from below." Hiyo unaijua. Neno ambalo huna, uliza hapa, tupo.

Mdadisi
Mrejesho tuutarajie lini?

Kijana wa Karatu
Ijumaa nikirudi. Sasa hivi ni Jumatano usiku, tunatoka Karatu kesho saa 11 na nusu alfajiri. Aya nimeichana. Mwalimu, uko macho? Kile kivuli cha wingu ni "shade" au "shadow"? Kwetu vyote kivuli.

Mwalimu Mstaafu
Nipo. "Shade" ni ya mti, unakaa chini yake jua lisikuchome. Hicho kinachotembea ni "shadow". "The shadow of a cloud."

Kijana wa Karatu
Na kutambaa, kile cha polepole kwenye majani? "Crawl" ni ya mtoto tu?

Mwalimu Mstaafu
Hata ya kivuli. Lala sasa.