Nimelipa euro 118 Dubrovnik nioneshwe Game of Thrones kwenye karatasi, tena nje ya ngome!

Assalaam alaykum wanajamvi, na heshima kwenu nyote.

Nimengoja muda mrefu ndiyo naandika, maana siku ile ningeandika ningetukana. Mie ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Huu mwaka wa saba niko Ujerumani, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Euro 118 ni zaidi ya laki tatu za Kitanzania, na mie nazipata kwa kuinua watu vitandani saa tisa za usiku. Kwa hiyo atakayekuja kuniambia "pesa ndogo hiyo, sahau", tafadhali apite tu.

Game of Thrones, ile tamthilia ya televisheni, naipenda toka msimu wa kwanza, 2011. Enzi hizo tunaingiziwa kwenye flashi pale Darajani, episodi nyengine sauti inakuja baada ya mdomo, na bado hatutoki mbele ya kioo. Mie na mdogo wangu wa kike tuliahidiana kwamba siku Mungu akijaalia tutakwenda kuuona mji wenyewe uliochezwa kama King's Landing, mji wa wafalme kwenye tamthilia: Dubrovnik, Kroatia. Kroatia ilipoingia Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) Januari 2023, kibali changu cha ukaazi kikawa kinatosha bila kuomba viza. Mdogo wangu anasoma Italia, na yeye hivyo hivyo. Mwezi wa sita 2024 tukakutana Dubrovnik.

Sasa sikilizeni.

Tangazo la kampuni (jina silitaji, nasubiri jambo la benki liishe) lilikuwa na picha ya Ngome ya Lovrijenac imekaa juu ya jabali lake, bahari chini. Maandishi makubwa: kuta za mji, Red Keep (kasri la mfalme kwenye tamthilia, lililochezwa kwenye ngome hiyo), muda wa saa tatu, kikundi kisichozidi watu 12. Euro 59 kila mtu. Tukalipa wiki sita kabla.

Tumefika lango la Pile, la kuingilia mji wa kale, saa nne asubuhi, tukakuta watu 38. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Muongozaji kijana, hana spika, hana chochote cha kupazia sauti, ana bunda la karatasi zilizopigwa lamineshi zimefungwa pete. Akatuteremsha kwenye kibandari kilicho chini ya ngome. Akanyanyua karatasi ya kwanza: "Hapa Myrcella alipandishwa mashua kwenda Dorne." Kweli, yule binti wa kifalme alisafirishwa pale, hilo simpingi. Lakini karatasi yenyewe imebanduka pembeni, maji yameingia ndani, rangi imetoka, uso wa yule binti umekuwa wa samawati. Sisi wa nyuma tunaona mng'aro wa jua tu. Mdogo wangu akanivuta mkono: "Kaka, ngome si ile pale juu? Mbona hatupandi?"

Nikauliza. Jibu lake: kuingia ngomeni ni hiari, tiketi mtanunua wenyewe ziara ikisha. Na kuta? Vivyo hivyo. Tiketi ya kuta wakati ule ni euro 35 kwa kila mtu. Yaani 59 tuliyolipa ni ya kusimama chini tukaangalia juu! Ile "kuta za mji, Red Keep" ya kwenye tangazo maana yake mtaziona kwa mbali, kama anavyoziona mtu yeyote aliyepita barabarani na hakulipa hata senti.

Ningevumilia kama angekuwa anajua anachosema. Akatuambia Ned Stark, mhusika mkuu wa msimu wa kwanza, alikatwa kichwa "hapa hapa Dubrovnik". Jamani! Msimu wa kwanza King's Landing ilikuwa Malta. Ned alikatwa kichwa Fort Manoel, Malta, na lile lango la mji la mwanzoni ni la Mdina, huko huko Malta. Dubrovnik imeingia msimu wa pili. Tukasogea mbele, akasema mji ulivyochomwa na joka msimu wa nane ulichomwa kwenye barabara ile tuliyosimama. Sehemu kubwa ya mitaa iliyoteketezwa ilijengwa Belfast, kwenye uwanja wa studio. Nilimsahihisha kwa adabu, pembeni, nisimuaibishe mbele za watu. Akanijibu kwamba wageni hawaji kwa ajili ya "detaili". Mie nimetoka Ujerumani kwa ajili ya hizo hizo!

Lakini kilichonichoma khasa ni ngazi za Wajesuiti.

Mnazijua, ndizo malkia Cersei alizoteremka msimu wa tano alipotembezwa uchi mjini huku akipigiwa kengele na kuambiwa "Shame", yaani aibu. Ni ngazi pana za mawe zinazopanda kutoka uwanja wa Gundulić hadi kanisa la Mtakatifu Ignasi, na pale chini asubuhi panakuwa na soko la mboga. Muongozaji akatoa kengele ndani ya begi. Akamkabidhi mtalii mmoja, akamchagua mwanamke mwengine ateremke, na sisi wengine tukaamrishwa kupiga kelele "Shame! Shame!" Watu 38 wameziba ngazi kutoka ukuta hadi ukuta.

Chini amesimama bibi wa miaka kama themanini. Mkono mmoja kashika mfuko wenye mboga za majani na chupa ya maziwa, mkono wa pili kakamata ukuta. Anataka kupanda kwenda kwake. Anangoja. Kengele inalia, watu wanapiga kelele ya "aibu" kumuelekea yeye, maana yuko chini na sisi tuko juu. Hakusema neno. Aliweka mfuko chini, akanyoosha vidole vilivyokuwa vimebanwa na kamba ya mfuko, akangoja tena. Mdogo wangu akateremka akamchukulia mfuko, wakapanda kwa pembeni polepole. Yule bibi akamwambia kwa Kiitaliano kwamba kila siku ni hivi, kuanzia asubuhi mpaka jua linatua.

Mie nimekulia Kiponda, Mji Mkongwe. Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa akikaa barazani, wageni wanampiga picha usoni bila salamu, bila hodi, kama vile yeye ni sehemu ya mlango wa nakshi. Nakumbuka alivyokuwa akivuta kanga kujifunika. Sasa siku ile mie ndiye mgeni, tena nimelipa, niko upande wa wanaopiga kelele. Sijaona aibu kama ile.

Na ule ni mji wa watu jamani. Mwaka 1991 ndani ya kuta walikuwa wakiishi kama watu 5,000, siku hizi wanatajwa kama 1,500 tu, nyumba nyingi zimekuwa za kupangisha wageni. Halmashauri yao imebidi iweke mpaka wa meli kubwa mbili za watalii kwa siku. Wanajitahidi. Anayewaharibia ni huyu wa kengele.

Ukiingia tu lango la Pile, ukutani pana ramani ya mji yenye alama nyingi ndogo ndogo. Nilidhani ni ramani ya maduka. Kumbe kila alama ni pahala palipopigwa na mizinga ya Jeshi la Yugoslavia mwaka 1991 na 1992: hapa bomu lilitoboa paa, hapa nyumba iliungua yote. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 6 Disemba 1991. Muongozaji wetu alisimama na mgongo wake kwenye ramani hiyo, akaifunika, akatuonesha picha ya mfalme Joffrey akikimbizwa na wananchi wenye hasira. Sikutaka mhadhara wa saa nzima. Sentensi moja tu angesema.

Halafu muda wote anamsifu Daenerys, mkombozi wa watumwa, mvunja minyororo. Sawa, ni hadithi nzuri, na mie nililia msaidizi wake Missandei alipokufa. Lakini umesimama kwenye mji ambao mwaka 1416, ukiwa jamhuri ya Ragusa, ulipitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa. Elfu moja mia nne na kumi na sita! Kwetu Unguja soko la watumwa limefungwa 1873. Mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka Mkunazini, lilipokuwa soko hilo, hawezi kuisikia tarehe hiyo akaendelea kutembea. Mie niliisoma usiku hotelini, kwenye simu, baada ya kumlipa mtu anayeishi pale ambaye hakuona sababu ya kuitaja.

Ziara iliisha saa moja na dakika hamsini baadaye. Si saa tatu. Imeishia mbele ya duka la kumbukumbu lenye Kiti cha Chuma (kile kiti cha enzi cha tamthilia) cha plastiki, ambalo lazima ununue kitu ndiyo ukae upigwe picha.

Tukaamua tuufanye mji wenyewe. Hapa naeleza taratibu ili msiibiwe kama sisi. Kulikuwa na pasi ya mji ya siku moja, nayo bei yake ile ile euro 35, lakini ndani yake mna kuta, Lovrijenac, makumbusho kadhaa na basi za mjini. Mwaka 2025 wamepandisha ikawa 40, kwa hiyo angalieni bei kabla. Kuta zina urefu wa mita 1,940. Tulipanda alasiri jua lilipopunga, tukazunguka pole pole. Juu ya mnara wa Minčeta, ule Daenerys aliouzunguka akitafuta mlango wa kuwafikia majoka wake, ukitazama chini unaona mapaa: vigae vingi ni vyekundu vipya vinawaka, na hapa na pale vichache vya zamani vimefifia kama chai ya maziwa. Vile vipya ndiyo vita. Huna haja ya kuambiwa na mtu, macho yanakueleza.

Lovrijenac tukaifikia karibu na kufungwa. Juu ya mlango pameandikwa kwa Kilatini: Non bene pro toto libertas venditur auro. Yaani uhuru haufai kuuzwa hata kwa dhahabu yote. Na ukuta wa ngome upande wa bahari una unene unaofika mita 12, lakini upande unaotazama mji ni sentimita 60 tu. Walijenga hivyo makusudi, ili kamanda akiasi akataka kuugeuzia mji mizinga, mji uweze kuubomoa ukuta wake. Hebu nambieni, mtu aliyeangalia Game of Thrones misimu minane, usaliti juu ya usaliti, kuna kitu gani angependa kukisikia kuliko hicho? Nimeuweka mkono wangu kwenye ukuta ule mwembamba. Mdogo wangu akauweka wake. Pale pale uani ndipo palipochezwa mashindano ya siku ya kuzaliwa ya Joffrey. Vyote viwili viko sehemu moja, na vyote viwili tulinyimwa kwa euro 118.

Asubuhi ya pili tukaingia Kasri la Sponza. Mna chumba cha kumbukumbu ya walioulinda mji, picha za vijana kuanzia juu mpaka chini ukutani, wengine sura za watoto wa skuli. Hakuna kiingilio. Hatukukaa muda mrefu, mdogo wangu alishindwa.

Kampuni nimewaandikia mara tatu. Jibu la kwanza: masharti yanasema tiketi hazimo. Nimeyatafuta masharti, yako kwenye ukurasa wa pili chini kabisa, maandishi ya kijivu. Jibu la pili: idadi ya watu "inaweza kubadilika kulingana na msimu". Na yale ya saa tatu kuwa chini ya mbili? Kimya. Jibu la tatu wamenipa vocha ya punguzo la asilimia kumi kwa ziara yao nyengine ya Split, mji mwengine wa Kroatia. Nimelipia kitu sikupewa, wanataka nilipie kingine!

Nina picha ya skrini ya tangazo, nina picha ya kikundi kizima kwenye ngazi, nina saa ya kuanza na ya kumaliza. Nimeipelekea benki yote, nimedai muamala urudishwe.

NYONGEZA: Nimeona maswali, najibu kwa haraka.

Dada uliyeuliza kuhusu Kiti cha Chuma cha bure: nenda kisiwa cha Lokrum, boti haichukui hata robo saa. Kipo ndani ya monasteri ya zamani, ukishalipa boti hakuna anayekudai kukaa.

Mkuu wa Dublin unayetaka kwenda kuona ile njia ya miti ya kwenye tamthilia, Dark Hedges: ile ni Ireland ya Kaskazini, ni Uingereza. Kibali chako cha Ireland hakitoshi, pasi ya Tanzania inahitaji viza ya Uingereza hata kama mpakani hakuna anayesimamisha basi. Usikubali wakuuzie ziara bila kukwambia hilo. Na miti yenyewe ilipandwa karibu 1775, imezeeka, dhoruba zimeangusha mingi. Kaa pembeni ya njia, usikanyage mizizi.

Anayefikiria Malta: ukiona tangazo lina picha ya lile dirisha la jabali baharini, walipooana Daenerys na Khal Drogo, usilipe. Liliporomoka lote tarehe 8 Machi 2017.

Na wewe uliyeandika kwamba nimekuwa mlalamishi kwa sababu ya "kizee cha watu": futa neno hilo kwanza, ndiyo tuzungumze.

Benki wamesema siku 30 za kazi. Nitaleta mrejesho hapa hapa.