Kikundi cha Ukoo: Kesi ya Kisima cha Texas

Kaka Mkubwa: Habari za jioni nyote. Baba Mdogo, shikamoo. Yule wakili wa kule kaunti, kilipo kisima chetu cha gesi, amenipigia tena. Anasema tusikae kuisubiri kesi yetu iliyoko Mahakama ya Ufilisi ya Houston. Tufungue kesi ya pili hapo kaunti kudai mrabaha wote, lile fungu letu la mauzo ya gesi, ambao kampuni inayoendesha kisima haijatulipa. Halafu Baba Mdogo afungue ya tatu kwa jina lake, adai fidia ya kampuni kuendelea kukalia kitalu baada ya mkataba kwisha. Kwamba kampuni ikiona kesi tatu itaogopa na kuja mezani. Kesho nakwenda kusaini.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Mimi nikionyeshwa pa kusaini nasaini. Ile ardhi ya juu tuliiuza mimi na marehemu baba yenu, tukabaki na haki za madini kwa ajili yenu. Sitaki zipotee hivihivi.

Mama Zawadi: Shikamoo Baba Mdogo. Kaka, nakuomba sana, kesho usisaini. Ngoja nifike nyumbani niandike vizuri.

Kitinda: Da Mkubwa andika tu, tunasoma. Mimi naona wakili ana hoja. Kampuni imejificha kwenye ufilisi tangu mwaka jana, sisi tumekaa.

Mama Zawadi: Nimefika.

Hatujakaa. Tuna shauri Houston, ndani ya ufilisi wenyewe, na wadai ni mimi na Kaka. Tunaomba mahakama itamke kwamba mkataba wa kisima ulikwisha pale uzalishaji uliposimama, kabla kampuni haijaomba ulinzi wa Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ile inayoipa kampuni nafasi ya kupanga upya madeni yake. Chini ya sheria ya Texas mkataba wa namna ile unaishi maadamu mafuta au gesi inatoka kwa kiasi chenye faida. Ikikoma na muda wa neema ulioandikwa ukapita, mkataba unajifia wenyewe na haki zinarudi kwetu.

Sasa huo mrabaha unatoka wapi? Mkataba uleule, kisima kilekile, vitabu vilevile vya hesabu. Na fidia ya kukalia kitalu? Hivyohivyo. Hilo ni dai moja. Ukilimega vipande ukampa kila jaji chake, anayeumia ni wewe mdai.

Kitinda: Lakini kila kesi inaomba kitu tofauti. Moja inaomba tamko, nyingine pesa, nyingine fidia. Udugu wake uko wapi?

Mama Zawadi: Mahakama za Marekani hazipimi kwa unachoomba. Zinapima kwa yaliyotokea: mambo yaleyale, wakati uleule, ushahidi uleule. Texas yenyewe ililiweka hili sawa mwaka 1992, katika shauri la Barr na Resolution Trust. Mtu mmoja alidaiwa deni moja kwa njia mbili, kwanza kama mdhamini, halafu kama mshirika katika ubia. Kwenye ile ya udhamini akashinda. Walipoendelea na ile ya ubia, Mahakama ya Juu ya Texas ikaizuia: deni ni lilelile, yote yangeletwa pamoja.

Ukiona hapo, aliyepoteza ni mdai. Pengine alikuwa na hoja nzuri kabisa kwenye ile ya pili. Haikusikilizwa.

Kaka Mkubwa: Hiyo ni kesi iliyokwisha amuliwa. Yetu ya Houston haijaamuliwa. Wakili anasema maadamu hukumu haijatoka, hakuna kinachozuia.

Mama Zawadi: Hapo ndipo ninapomkatalia kabisa, Kaka. Kwenye mahakama za shirikisho hawasubiri hukumu. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho, katika shauri la Katz na Gerardi, ilieleza kipimo chake: jaji anajiuliza, kama kesi ya kwanza ingekuwa imekwisha leo, hii ya pili ingezuiwa? Jibu likiwa ndiyo, ya pili inafutwa sasa hivi. Na tangu 1977, katika shauri la Walton na Eaton, lilikwisha semwa kwamba mdai hana haki ya kuendesha kesi mbili za jambo moja, kwa wakati mmoja, katika mahakama moja, dhidi ya mdaiwa mmoja. Zipo mahakama zilizoifuta ile ya pili isirudi tena.

Shangazi: Mama Zawadi, "mahakama moja". Si hii ya kaunti ni nyingine? Ni ya jimbo, siyo ya shirikisho.

Mama Zawadi: Shangazi umeuliza swali lenyewe. Ni kweli, mahakama ya jimbo na ya shirikisho huruhusiwa kwenda sambamba mara nyingi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1976 kwenye kesi ya maji ya Colorado River: jaji wa shirikisho haachii kesi yake kirahisi eti kwa sababu kuna nyingine jimboni.

Lakini sisi tuna ufilisi katikati. Kampuni ilipowasilisha maombi ya Sura ya 11, palepale Kifungu cha 362 cha sheria hiyo ya ufilisi kikasimamisha kesi zote za kuidai madeni ya nyuma, kokote nchini. Zuio hilo halisubiri amri ya jaji. Kufungua kesi kaunti kudai mrabaha wa nyuma ni kulivunja. Shauri letu la Houston lenyewe halivunji zuio, kwa kuwa limefunguliwa mbele ya mahakama ileile inayosimamia ufilisi.

Na hata tukisema zuio halipo, kampuni ina haki ya kuihamisha kesi ya kaunti kwenda shirikisho kwa sababu inahusiana na ufilisi, kisha kuomba ipelekwe Houston. Ikifika Houston tutakuwa na kesi mbili za jambo moja, wadai walewale, mdaiwa yuleyule. Tumeshalipa mawakili wawili ili kufika palepale tulipo.

Kitinda: Mh. Hapo nimeelewa.

Kaka Mkubwa: Sawa, ya kaunti niiache. Ya Baba Mdogo je? Yeye hayumo kwenye kesi ya Houston. Jina lake halipo popote. Huyo hawezi kuzuiwa.

Baba Mdogo: Nami nilikuwa nataka kuuliza hilo.

Mama Zawadi: Baba Mdogo, hili nalieleza kwa heshima, kwa sababu ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Taylor na Sturgell. Marafiki wawili wapenzi wa ndege za zamani. Mmoja aliomba nyaraka za ndege fulani kutoka serikalini, akanyimwa, akashtaki, akashindwa. Muda si muda mwenzake akaomba nyaraka zilezile, akashtaki, na wakili alikuwa yuleyule. Mahakama za chini zikasema huyu wa pili amefungwa na kushindwa kwa mwenzake. Mahakama Kuu ikakataa: mtu hafungwi na kesi ambayo hakuwamo kwa sababu tu anafanana masilahi na aliyeshindwa. Hilo linakulinda wewe.

Lakini haikuishia hapo. Iliorodhesha hali ambazo mtu wa nje hufungwa, na mojawapo ni hii: akiwa anatumwa na yule aliyekwisha shtaki, yaani jina ni lake ila kesi ni ya mwenzake. Wakairudisha kesi chini ili hilo lichunguzwe.

Sasa tazama mpango wa wakili. Kaka analipa, wakili wa Kaka anaandika, Baba Mdogo anaweka saini, na ujumbe wa kupanga hayo umo humu kikundini. Kampuni ikiomba mawasiliano yetu, mahakama itasoma nini?

Shangazi: Mungu wangu.

Kaka Mkubwa: Sikulitazama kwa upande huo. Nilitaka tu waone kwamba hatuchezewi.

Mama Zawadi: Najua Kaka, na hasira yako ni yangu pia. Wametukata gharama za kusafirisha gesi ambazo mkataba hauzitaji, na kisima kimelala wao bado wanadai ni chao. Ndiyo maana nataka dai letu liende zima. Jaji akiona mrabaha, tamko na fidia katika karatasi moja, anaona jinsi mtu alivyotendewa. Akiona kesi tatu zilizotawanyika anaona mdai anayewinda jaji wa kumpendelea.

Kitinda: Basi tunafanyaje? Shauri la Houston limeshafunguliwa, na mrabaha haukuandikwa mle.

Mama Zawadi: Tunairekebisha hati ya madai. Kanuni ya 15 ya mwenendo wa kesi za madai inatumika pia kwenye mashauri ya ndani ya ufilisi. Mdai anaweza kurekebisha hati mara moja bila kuomba ruhusa, almradi ni ndani ya siku 21 tangu apewe majibu ya mdaiwa. Kampuni imetujibu juzi, kwa hiyo muda upo. Ukipita tutalazimika kuomba ruhusa ya jaji, na jaji huitoa haki ikidai hivyo, ila tutaanza kujieleza kwa nini tulichelewa. Tunaongeza mrabaha, tunaongeza fidia, tunamwongeza Baba Mdogo awe mdai wa tatu kwa jina lake na fungu lake. Kesi ileile, jaji yuleyule.

Shangazi: Gharama?

Mama Zawadi: Kufungua shauri ndani ya ufilisi ilikuwa dola 350, tumeshalipa. Kurekebisha hati mahakama haitozi. Ni kazi ya wakili wetu tu.

Lipo jingine, na hili halihusu hati. Kila mmoja wetu anayedai pesa za kabla ya ufilisi lazima ahakikishe dai lake limesajiliwa kwenye ufilisi, ile Fomu 410. Nayo haina ada. Kwenye Sura ya 11, kama kampuni imekuorodhesha yenyewe na haibishi kiasi, unahesabiwa kuwa umeshadai. Ila ikikuandika kwamba deni linabishaniwa au halijulikani kiasi, usipojaza fomu kabla ya siku ya mwisho umetoka. Nimefungua orodha yao: mimi na Kaka tumewekewa alama ya kubishaniwa. Tulijaza. Baba Mdogo hayumo kabisa.

Baba Mdogo: Simo? Na hundi zao walikuwa wananiletea?

Mama Zawadi: Haumo. Ndiyo maana nasema fomu yako iende wiki hii, kabla hata ya hati.

Kaka Mkubwa: Swali moja la mwisho. Mwakani wakifanya uovu mpya, tuseme waingize mtambo kitaluni upya, tutakuwa tumejifunga kwa sababu kila kitu tumekiweka kwenye kesi hii?

Mama Zawadi: Hapana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu, kwenye shauri la Lucky Brand na Marcel, ilisema kwamba kwa kawaida kesi ya nyuma haizuii madai yanayotokana na matukio ya baadaye. Jipya ni jipya.

Ila mahali pa kulipeleka patategemea ufilisi umefika wapi. Kumbuka Chesapeake, ile kampuni ya gesi: iliingia Sura ya 11 Juni 2020, hapohapo Houston. Wenye ardhi wa Pennsylvania walikuwa na kesi za mrabaha tangu zamani, na makubaliano yao yakapitishwa Houston baada ya mpango wa kampuni wa kupanga upya madeni kukubaliwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikayatengua: mahakama hizo za Houston hazikuwa na mamlaka tena juu ya madai yale. Kwa hiyo hilo tumuulize wakili wetu mapema, mpango wa kampuni yetu unasemaje kuhusu mikataba ya visima.

Kaka Mkubwa: Nimempigia yule wa kaunti, nimemwambia sitasaini. Wa Houston nimemwandikia, tunaongea kesho saa tatu asubuhi. Mama Zawadi uwepo.

Mama Zawadi: Nitakuwepo.

Kitinda: Taarifa za mrabaha ninazo zote kuanzia uzalishaji uliposhuka. Nazipiga picha usiku huu. Baba Mdogo, nakuja kwako asubuhi na fomu, uwe na kitambulisho na zile hundi za mwisho.

Baba Mdogo: Njoo mapema. Hundi nimeshazitoa kabatini.