Naomba ushauri: mazoezi ya kuchanganya yamewashusha wanafunzi wangu, niendelee au niache?

MwalimuWaKikapu: Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha elimu ya michezo kwa wanafunzi wa miaka 13 na 14. Nilisoma jaribio la watafiti Shea na Morgan la mwaka 1979, ambamo watu waliojifunza mifuatano mitatu ya kuangusha vibao kwa mkono kwa kuichanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini wakawashinda wenzao waliomaliza mfuatano mmoja kabla ya kuingia mwingine, walipopimwa tena baada ya siku 10. Kwa hiyo, katika mpira wa kikapu, badala ya kumaliza pasi ya kifuani ndipo tuingie ya kudundisha na ya juu ya kichwa, nilizichanganya zote katika kipindi kimoja. Wiki mbili sasa mipira inapotea ovyo, wanafunzi wanavunjika moyo, na mkuu wa idara aliyekuja kukagua ameniagiza nirudi kwenye utaratibu wa zamani. Inaniuma, kwa sababu sijui kama nimekosea au nimepimwa mapema.

MkongweWaUwanja: Pole, mwalimu. Alichokiona mkaguzi ndicho hasa jaribio lilichokionyesha, yaani kushuka kwanza. Usibishane naye kwa maneno. Chukua madarasa mawili, moja lichanganye na jingine lifuate utaratibu wa zamani. Baada ya siku 7, kabla hawajagusa mpira kwa mazoezi, kila mwanafunzi arushe pasi 10 kwenye duara ulilochora ukutani, nawe uandike zilizoingia. Mpelekee daftari hilo.

MkufunziMsomaji: Naunga mkono kipimo, ila nina angalizo. Waliopimwa mwaka ule walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, katika maabara, kwa kazi nyepesi kuliko pasi yenye mtu wa kukukaba. Tafiti zilizofuata viwanjani, hasa kwa watoto, hazikutoa matokeo ya wazi namna hiyo. Mtoto ambaye bado hajui mikono ikae wapi, akibadilishiwa pasi kila mara, hapati nafasi ya kujisahihisha. Mwache arudie aina moja hadi aishike, ndipo uchanganye. Tena waeleze wanafunzi kwa nini wanakosea sasa, maana ukimya ndio unaowavunja moyo.

MwalimuWaKikapu: Ahsanteni sana. Kweli sikuwaeleza, na wapo watano ambao hata pasi ya kifuani haijakaa. Hao nitawarudisha kwenye marudio. Wengine wataendelea kuchanganya, na Jumatatu ijayo nitamwomba mkuu wa idara asimame nami ukutani tuhesabu pamoja.