Mjadala: Kidole kiwe ufunguo pekee?

Wadau, hoja iliyopo mezani ni hii: tuachane na funguo, kadi na nywila, kila mlango na kila akaunti ifunguliwe kwa alama za vidole au kwa sura. Wanaoiunga mkono wanasema ufunguo huibwa, nywila husahaulika, ila kidole unatembea nacho. Mimi napinga. Kitasa kikichezewa unabadilisha kitasa. Kidole utabadilisha na nini?

Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walioingia kwenye kumbukumbu za ofisi yake ya utumishi waliondoka na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Nywila za watu hao zingeweza kubadilishwa siku ileile. Alama zao za vidole ndizo hizohizo mpaka wanaingia kaburini.

Tena kidole si siri. Unakiacha kwenye glasi, kwenye meza, kwenye kioo cha simu yenyewe. iPhone 5s ilipotoka Septemba 2013, wadukuzi wa Chaos Computer Club ya Ujerumani hawakumaliza hata wiki: walipiga picha alama iliyobaki kwenye kioo, wakatengeneza ngozi bandia, simu ikafunguka. Na hiyo "unatembea nacho" ndiyo inayonitisha zaidi. Malaysia mwaka 2005, wezi walimkata kidole mtu ambaye gari lake liliwaka kwa alama yake.

Halafu kuna wale ambao mashine inawakana. Niliwahi kupanga foleni getini nyuma ya fundi muashi, mtu mzima, vidole vimeliwa na saruji hadi vimekuwa laini. Akaweka gumba, taa nyekundu. Akakifuta kwenye suruali, akakipulizia pumzi, nyekundu tena. Mara ya nne mlinzi, anayemjua kwa jina, akamfungulia kwa mkono. Mlinzi asingekuwepo, mzee angebaki nje ya kazi yake mwenyewe.

Kwa sura mambo si nafuu. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189, ikakuta nyingi zinakosea zaidi kwa watu weusi na Waasia kuliko kwa wazungu, zikimpitisha mtu kama ndiye kumbe siye. Baadhi zilikosea mara 10 hadi 100 zaidi.

Alama inayokaa ndani ya simu yako, haitumwi kokote, na namba ya siri ipo kama akiba, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hifadhi moja kuu ya vidole vya watu wote, na mlango usio na njia ya pili.

Kwa hiyo mnaotaka kidole kiwe ufunguo pekee, naomba mnijibu hili kwanza: hifadhi hiyo ikivuja, kesho yake asubuhi watu watafungua milango yao kwa nini?