Mrejesho: Barua ya 1901 inayosema Kisumu iko Uganda

Nilipouliza hapa kama barua ya serikali ya mwaka 1901 iliyohifadhiwa na marehemu babu ilikuwa ya kughushi, kwa kuwa ilitiwa saini Kisumu ilhali kichwa chake kinataja Uganda, wengi mlinishauri nichunguze mipaka ya wakati huo kwanza. Nawashukuru kwa dhati, kwa maana kichwa hicho ni sahihi kabisa.

Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote kuanzia Ziwa Viktoria hadi Naivasha, Nakuru ikiwemo, ilikuwa chini ya Himaya ya Uganda, na siku hiyo ndipo serikali ya Uingereza ilipoihamishia Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, na uhamisho huo uliiweka yote chini ya utawala mmoja. Kinachoniuma ni kwamba wenyeji, babu zetu, hawakuulizwa neno.

Saini yenyewe bado sijaitambua. Barua nimeitia ndani ya bahasha kavu, mbali na jua, na mjomba amekubali isikunjwe tena.