Wanasiasa wakome kumdanganya mama mboga na hiyo 300 ya SHA

Wadau, naandika nikiwa na hasira. Jumapili iliyopita mheshimiwa mmoja alikuja kanisani kwetu huku Kayole, akapewa kipaza sauti kama kawaida yao, akasema SHA, bima ya afya ya serikali, ni shilingi 300 tu kwa mwezi, hakuna mwananchi wa chini anayelipa zaidi. Watu wakapiga makofi. Kando yangu alikaa mama mmoja wa chama chetu cha kusaidiana, muuza mboga. Yeye hakupiga.

Huyo mama nilimsajili mimi mwenyewe kwa simu, *147#. Yakaja maswali: paa la nyumba ni la nini, ukuta je, choo cha aina gani, unapikia nini. Akajibu ukweli mtupu. Amepanga chumba kimoja kwenye ploti ya mawe, choo ni cha kuvuta maji lakini kinatumiwa na wapangaji wote wa orofa ile, na anapikia mtungi mdogo wa gesi kwa sababu makaa yamepanda bei. Mfumo ukamwona mtu wa kujiweza, ukamkadiria 850 kwa mwezi. Na asiye na mwajiri hudaiwa ada ya mwaka mzima mara moja. 850 mara 12 ni 10,200. Huyu ni mtu ambaye akitoa pesa ya stoki ya kesho, akabaki na 400, anamshukuru Mungu.

Lakini tangu mfumo uanze Oktoba 2024 alikuwa anasikia 300, 300, kila mkutano. Akaamini mdomo wa wakubwa kuliko ujumbe wa simu yangu. Kila mwezi akaweka 300 kwenye mkebe. Siku msichana wake aliposhikwa na kidole tumbo usiku, wakafika hospitali, mtu wa dirishani akaangalia kompyuta: umesajiliwa, hujalipa. Mama anamwonyesha mkebe! Tulichanga usiku huo wanachama kumi na wawili, wengine kwa kukopa kwenye simu, ndipo mtoto akapasuliwa. Amepona, lakini deni bado tunalo hadi leo.

Sheria haijafichwa popote. Ni ya 2023, na kanuni zake za 2024: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, isipungue 300. Isipungue! Hiyo ndiyo ada ya chini kabisa. Piga hesabu mwenyewe: ili upate 300, nyumba nzima iwe inaingiza kama 10,900 kwa mwezi. Mheshimiwa anaijua hesabu hii, na bado anasimama mbele ya madhabahu kuita ada ya chini kabisa bei ya kila mtu. Wataniambia kuna Lipa SHA Pole Pole. Huo ni mkopo. Mkopo wa nini, kama kweli bei ni 300?

Wale wa "matibabu ni bure" nao wamalizie sentensi. Bure ni zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Ukihitaji kulazwa ngazi ya 4 kwenda juu, bila ada ya mwaka bima haikulipii.

Na upinzani wasijifiche nyuma ya uzi huu. Wanazunguka wakisema kila mfanyakazi sasa anakatwa zaidi kuliko enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA. Shemeji yangu ni bawabu Baba Dogo, mshahara 20,000. NHIF ilimkata 750. Sasa anakatwa 550. Alikuwa ameapa kwamba ameibiwa, mpaka tukaweka hati zake mbili za mshahara mezani. Aliyepanda ni wa 100,000, kutoka 1,700 hadi 2,750, na kwa kuwa hakuna kikomo, wa 500,000 hukatwa 13,750. Huyo akilalamika ana haki yake, lakini asitumie jina la bawabu.

Sasa naomba kitu kimoja. Kama wewe huna mwajiri na ulikadiriwa zaidi ya 300, andika hapa ulipewa ngapi, na ulijibu nini kuhusu paa na choo. Usiweke jina wala namba ya kitambulisho. Nitazichapisha zote, na mheshimiwa akirudi kanisani nitamkabidhi mkononi kabla hajapewa kipaza sauti.